Neno Alilolipatia Felisiani

Uru, Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Adelina mwanangu,

Umetoka sasa hivi na mama yako kwenda kuwaaga wajomba, na nyumba imenyamaza. Sanduku lako liko hapa sebuleni, limefungwa kwa kamba ya katani kwa sababu kitasa kimekataa. Mama yako ameshakueleza habari za kuchemsha maji, za sweta, za marafiki wa kuwaepuka. Ameyarudia mpaka wewe mwenyewe ukawa unammalizia sentensi. Hapo sina la kuongeza. Songea nimepita mara moja tu, na kabla mwezi haujaisha utakuwa unaujua mji huo kuliko mimi.

Mimi nataka kukueleza habari za neno moja la Kilatini, na habari za mdogo wangu Felisiani, aliyekuzaa. Habari hizo mbili ni moja. Nimejaribu kuzitenganisha miaka yote hii, nikashindwa.

Uliyoyasikia kutoka kwangu ni haya: kwamba baba yako aliugua mapafu akiwa safarini, kwamba alifia mjini wakati wa masika, na kwamba barabara ya kuja Uru ilikatika kwa mvua, ndiyo maana hakuzikwa hapa kihambani, kwenye migomba na kahawa ya ukoo, walipo babu zako wote. Ulikuwa na miaka minne. Uliniuliza mara moja, ukiwa darasa la pili, nikakujibu hivyo, nawe hukuuliza tena. Nilishukuru. Leo naona haya kwamba nilishukuru.

Nianze na neno.

Mimi na Felisiani tulisoma seminari moja ndogo. Mimi nilikuwa kidato cha nne, yeye cha pili. Kilatini kilifundishwa na padre mmoja mzee, mtu wa haki lakini mwenye ulimi, na alikuwa na desturi ya kutuita sisi wakubwa tukae nyuma ya darasa la wadogo tumsaidie kusahihisha madaftari. Kwa hiyo siku ile nilikuwamo. Padre aliandika ubaoni neno *coemeterium*, akaligonga kwa chaki.

"Felisiani. Maana yake?"

Felisiani akasimama. "Bweni, Padre."

"Bweni?"

"Ndiyo, Padre. Mahali pa kulala."

Darasa zima likaangua kicheko. Padre akangoja litulie, kisha akasema, "Coemeterium ni makaburi, kijana. Basi jioni tukutandikie kitanda huko."

Kicheko kikaanza upya. Felisiani hakukaa. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Akiona jambo lina sababu hakulitupa upesi. Akasema, "Lakini Padre, kwenye misa ya wafu tunasema wamelala."

"Kaa chini."

Akakaa. Akageuka kunitafuta kule nyuma, kama mdogo anavyomtafuta kaka yake. Mimi nilikuwa nacheka. Sikucheka kwa sababu jibu lilinichekesha. Nilicheka ili wenzangu wasije wakadhani ujinga ule ni wa nyumbani kwetu. Tangu siku hiyo wakamwita Bweni. Hata mimi, nikiwa na wenzangu, nilimwita Bweni. Mwisho wa mwaka hakufaulu Kilatini, akarudishwa nyumbani. Mimi niliendelea. Upadre haukuwa wito wangu, lakini Kilatini kilinishika mkono, na baadaye nikarudi seminari ileile kukifundisha, pamoja na Kiswahili.

Felisiani hakuninunia. Alilima na baba mpaka baba alipofariki, na miaka ile biashara ilipofunguliwa, nguo za mitumba zikaruhusiwa na watu wakaanza kuvuka mpaka bila kujificha, akahamia Tarakea. Alifanikiwa. Redio hii unayoisikiliza kila siku ni yeye aliyeileta. Huko alimwoa mama yako mzazi, Theresia, mtu wa Rombo, mwanamke mrefu mwenye sauti nzito ambaye aliimba jikoni kama yuko kwaya. Ukazaliwa wewe. Halafu Theresia akaanza kukonda.

Nitaliandika neno lenyewe, maana wewe unakwenda kuwa muuguzi na haifai mimi nikuandikie kwa mafumbo. Ulikuwa UKIMWI. Siku hizo huku milimani hakuna aliyelitamka. Tulisema "ugonjwa huu", tukateremsha sauti, na mtu akishakufa tulivichoma vikombe vyake. Theresia alizikwa kwao Rombo. Felisiani akakuleta wewe hapa kwa mama yetu, Bibi yako, akarudi Tarakea peke yake.

Baada ya mwaka mmoja alikuja.

Ilikuwa alasiri. Mama yako huyu aliyekulea alikuwa mnadani na watoto wetu. Bibi alikuwa amekuchukua wewe mmekwenda kumtazama dada yake. Mimi nilikuwa natoka zizini na ndoo ya maziwa nilipomwona mtu amesimama kwenye mlango wa ua, na kwanza nilidhani ni mzee anayepita. Alikuwa amevaa koti lililomzidi. Alikuwa amechuma jani la sale pale kwenye mpaka wa kihamba, amelishika kwa mikono miwili. Unajua kwetu mtu akikujia na sale ana maana gani: anaomba msamaha, na huwezi kumkatalia.

"Kaka," akasema.

"Felisiani? Umenikosea nini hata uniletee sale?"

Akatabasamu. Meno yalikuwa yamebaki yale yale, uso ndio uliokuwa umekwenda. "Sijui, kaka. Nimelichuma endapo lipo nililolisahau."

Sikulipokea. Nilijifanya mikono imejaa kwa sababu ya ndoo. Ningeweza kuiweka chini.

Akasema, "Naomba pa kulala tu. Sitasumbua mtu."

Nikamwambia nyumba imejaa.

Haikuwa imejaa, Adelina. Chumba kile cha upande wa migomba kilikuwa na magunia ya kahawa na majembe, basi. Na tena sikiliza: kwa mila yetu nyumba ya baba humbakia mtoto wa kiume wa mwisho. Nyumba hii ilikuwa ya Felisiani. Mimi nilikaa humu kwa sababu yeye alikuwa Tarakea. Alikuwa ameniomba pa kulala nyumbani kwake mwenyewe, nami nikamwambia pamejaa.

"Nina watoto wadogo humu," nikasema. "Unaelewa."

Akatazama chini kidogo. "Naelewa. Basi nimwone Adelina, halafu niondoke."

"Wamekwenda kwa mama mkubwa. Watachelewa."

"Nitangoja."

"Tukingoja giza litatukuta njiani."

Aliposikia "litatukuta" alijua nimeshaamua, kwamba nitamsindikiza mwenyewe ili niwe na hakika ameondoka. Nilikwenda kunawa mikono. Niliporudi alikuwa amekaa juu ya jiwe la kunolea panga, anatazama viatu vyako vidogo vya plastiki vilivyoanikwa hapo. Hakuvigusa. Nafikiri aliogopa ningemwona akivigusa.

Nilimpeleka Majengo, kule mjini, nikampangishia chumba kwa Bi Zuhura, mama mmoja mjane aliyekuwa akishona kofia, na nikamwambia Bi Zuhura kwamba huyu ni jamaa yangu, ana kifua, atakaa siku chache. Nilirudi nyumbani nimechelewa. Mama akaniuliza, "Watu wanasema Felisiani ameonekana njiani?" Nikajibu, "Hapana, mama. Yuko Tarakea bado." Maneno matatu tu hayo ya mwisho, lakini ndiyo uongo wangu wa kwanza kwa mama, na yote niliyokuja kuyasema baadaye niliyasema ili kuyalinda hayo matatu.

Uoga, mwanangu, haukunijia na sura ya uoga. Kama ungenijia hivyo ningeujua. Ulinijia na sura ya baba anayejali watoto wake, na ya mwalimu anayelinda heshima ya nyumba, na ya mjumbe wa kamati ya kanisa. Ulikuwa umevaa vizuri sana.

Alikaa Majengo miezi miwili. Kila Jumamosi nilishuka na chupa ya mtori na maziwa. Bi Zuhura alikuwa akikaa barazani na kitambaa chake.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, Mwalimu. Ingia, yuko macho."

"Nina haraka leo."

Kila Jumamosi nilikuwa na haraka. Nilisimama nje ya pazia la mlango, nikaweka chupa chini, nikapokea ya wiki iliyopita imeoshwa. Tulizungumza kupitia pazia. Haya ninayokuandikia sasa hayajui mtu, labda Bi Zuhura, aliyekuwa akisikia. Felisiani aliuliza swali lilelile kila mara: "Adelina hajambo?"

"Hajambo."

"Anasema nini siku hizi?"

Nikawa namweleza. Kwamba umejifunza kuhesabu mpaka ishirini ukiruka kumi na tatu. Kwamba umempa ndama jina. Nilikuwa namsikia akicheka, halafu kicheko kinageuka kikohozi, halafu ananyamaza kwa muda mrefu mpaka namwita, "Felisiani?" naye anajibu, "Nipo."

"Mlete siku moja, kaka. Asiingie. Asimame hapo ulipo wewe, nimwone kwa upenyo wa pazia."

"Nitamleta."

Nilisema nitakuleta Jumamosi sita. Sikukuleta. Nilijiambia mtoto akimwona baba yake hali ile ataota vibaya. Kweli ni kwamba mtoto wa miaka minne angerudi nyumbani akamwambia Bibi, "Nimemwona baba." Hilo ndilo nililoliogopa. Nilikunyima baba yako ili uongo wangu usinaswe.

Alikufa alfajiri ya Jumatano. Bi Zuhura alimtuma jirani seminari kuniita. Nilipofika walikuwa wameshamwosha. Ndipo nilipoingia chumbani mle kwa mara ya kwanza. Kitanda kilikuwa karibu na mlango, karibu kabisa, hatua moja kutoka kwenye pazia. Miezi miwili nilikuwa nasimama umbali wa mkono kutoka kichwani kwake.

Sasa ningefanya nini? Kama ningemleta nyumbani, jeneza lingefunguliwa, watu wangemwona, na mama angeuliza alikuwa wapi miezi yote hii. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nikasema mbele ya Bi Zuhura na majirani zake kwamba barabara ya Uru imekatika. Hakuna aliyenibishia. Wanaume wa Majengo, Waislamu watupu isipokuwa katekista niliyemwita, walichimba kaburi katika makaburi ya mji, wakabeba jeneza, wakamshusha. Mikono ya wageni ndiyo iliyomlaza ndugu yangu. Mimi nilishika kitabu cha sala.

Bi Zuhura aliniuliza tukiwa tunarudi, "Mwalimu, huyu marehemu hana kwao?"

"Kwao ni mbali," nikasema.

Wakati huo mvua ilikuwa imekatika na mawingu yamepanda. Kutoka pale tulipokuwa tumesimama Uru ilionekana yote, migomba na mabati yanang'aa. Bi Zuhura alitazama huko, akanitazama mimi, akajifunga khanga yake vizuri, akatangulia.

Sasa nirudi kwenye neno. Muhula uliofuata nilikuwa maktaba ya seminari, natayarisha somo la maneno ambayo Kilatini kiliyaazima kwa Wagiriki. Nilipofika kwenye *coemeterium* nilifungua kamusi kubwa ya Kigiriki, ile ambayo hakuna aliyekuwa akiigusa. Kilatini kililitoa kwenye neno *koimeterion*. Mkia huo wa Kigiriki, *-terion*, maana yake ni mahali pa kufanyia jambo. Na kitenzi kilicho mbele yake ni *koimao*, na maana yake ni kulaza. Kumlaza mtu usingizi, kama mama anavyomlaza mtoto. Kabla Wakristo hawajalichukua kwa ajili ya wafu wao, Wagiriki walikiita hivyo chumba cha kulala, na mahali pengine kilikuwa hasa chumba cha kulaza wageni.

Bweni. Mahali pa kulala.

Felisiani alikuwa amepatia. Alilipata bila kamusi, kwa kufikiri tu, kwa kusikiliza maneno ya misa ambayo sisi wengine tuliyaimba bila kuyasikia. Padre alikuwa amejua maana ya neno lilipofikia. Mdogo wangu alikuwa amegusa lilikotoka. Nami niliyecheka ndiye niliyekuwa nalipwa kufundisha lugha hiyo.

Niliendelea kusoma. Neno hilo kwa Kilatini si la kiume wala la kike. Ni la ile jinsia ya tatu, isiyo hili wala lile, na maneno ya jinsia hiyo hayabadiliki yakiwa yanatenda au yanatendwa. Wagiriki waliandika *oi*. Warumi ndimi zao hazikuiweza, wakaandika *oe*, na waliokuja baadaye wakaliandika kwa *i* tupu. Wakalivua *-on*, wakalivika *-um*, likaonekana kama mtoto wa nyumba ile. Ni kama sisi na kitabu. Waarabu walituletea neno zima, *ki* yake ikiwa ni sehemu ya mwili wake. Sisi tukadhani ni *ki* yetu, tukasema vitabu. Neno la mgeni likiingia nyumba ya watu hupewa mkia wa watu wa nyumba hiyo, na baada ya muda hakuna anayeuliza lilikotoka.

Ndivyo nilivyokufanya wewe. Nilipokupeleka kuandikishwa darasa la kwanza, karani aliuliza jina la baba, nikataja langu. Hakuna aliyenilazimisha. Watu waliona ni upendo, na upendo ulikuwamo, Mungu anajua. Lakini nilikuwa pia nafuta. Vyeti vyako vyote vina jina langu. Jina la Felisiani halipo kwenye karatasi yako hata moja.

Na chumba kile cha magunia ndicho unacholala. Ulipofika umri wa kutoka chumbani kwa Bibi, tulikiondoa kila kitu asubuhi moja, kabla ya chai ya saa nne. Nilibeba gunia la mwisho nikasimama nalo mlangoni, kwa sababu chumba kilikuwa kikubwa kuliko nilivyodhani. Kuna siku za baridi ukikohoa humo, nami niko ukumbini napita, nasimama. Mama yako amenikuta mara nyingi nimeshika ukuta. Kikohozi ni chako, najua. Lakini nangoja kusikia "Nipo."

Sikurudi makaburini mwaka wa kwanza, wala wa pili. Mwaka wa tatu, siku ya marehemu wote, nilikwenda. Msalaba wa mti niliouweka ulikuwa umeliwa na mchwa. Palikuwa na makaburi mengi mapya. Miaka ile yaliongezeka haraka. Nilitembea mpaka jua likawa la utosi. Mlinzi akaniuliza, "Unamtafuta nani, mzee?" nikasema, "Naangalia tu." Nikachagua matuta mawili yaliyofanana, nikasimama katikati, nikasali. Nimefanya hivyo kila mwaka tangu hapo. Sijui kama nimewahi kumkaribia.

Bibi yako alipokuwa kitandani mara ya mwisho, ulikuwa shuleni, aliniita nikakaa karibu. Alisema, "Mimi msinizike hapa. Nipelekeni kwa Felisiani, mnilaze naye."

Nikamwambia, "Mama, mahali pako ni kihambani, kando ya baba."

Akanishika mkono, akanitazama muda mrefu sana. "Kwa nini usinipeleke?"

Nilikuwa na jibu. Jibu lilikuwa: kwa sababu nimempoteza, mama, sijui kaburi lake ni lipi. Nikasema, "Njia ni mbaya." Akauachia mkono wangu, akageukia ukuta. Tulimzika hapa, unapaona kila siku. Kila anayepita husema tumemzika vizuri.

*

Nilikuwa nimefika hapo shangazi yako Dominata alipoingia na kikapu cha ndizi na maandazi yako ya safari. Alinikuta nimeinamia karatasi, akauliza, "Kaka, unaandika nini hata shati limelowa?"

"Barua ya mtoto."

"Ya kumwambia nini?"

Sijui kwa nini nilimwambia. Labda kwa sababu kalamu ilikuwa imeshafungua njia. Nilimwambia yote, mlango wa ua, Majengo, barabara. Sikumtazama. Nilipomaliza nilingoja anipige, au alie. Alitoa maandazi kikapuni moja moja akayapanga mezani.

"Kaka," akasema, "siku ile Felisiani alipozikwa, mume wangu alishuka mjini kwa baiskeli asubuhi na akapanda nayo jioni. Barabara hiyohiyo."

Akatoa na ndizi.

"Sisi sote tulijua. Bi Zuhura alikuja hapa hata wiki haijaisha, wewe ukiwa seminari. Alileta koti lake. Mama alilipokea."

"Mama alijua?"

"Mama alijua kabla ya msiba kwisha."

"Kwa nini hamkusema?"

"Alitukataza. Alisema, 'Mmoja nimeshampoteza. Huyu tukimsema atakimbia, nimpoteze na yeye. Mwacheni aseme mwenyewe.' Tukamwacha. Tukangoja." Akafuta meza kwa kiganja. "Mama alingoja mpaka siku ile ya mwisho. Alikuuliza, kaka. Alikufungulia mlango kabisa."

Nilimwuliza swali lililokuwa limebaki. "Na Adelina?"

"Adelina alikuja kwangu akiwa darasa la sita, akaniuliza uso kwa uso. Ningemdanganya? Nikampeleka kwa Bi Zuhura."

Halafu akaniambia la mwisho. Kwamba Bi Zuhura aliweka mawe matatu juu ya kaburi la Felisiani wiki ileile aliyozikwa, na hajaacha kulipalilia. Kwamba wewe huenda naye. Kwamba siku ulizokuwa unaniaga ukisema unakwenda kujisomea kwa rafiki mjini, nyingine ulikuwa huko.

Shangazi yako ameondoka. Amesema anakuja kesho alfajiri kukusindikiza. Mimi nimekaa hapa na karatasi hizi, na nimezisoma tangu mwanzo, na nimeona nilivyokuandikia kama mtu anayemfunulia mtoto asiyejua. Kumbe wewe umejua miaka minane. Umeniamkia shikamoo kila asubuhi ukijua. Umenipakulia chakula ukijua. Ulipofaulu ulikimbia kutoka barabarani mpaka hapa ukaniita Baba kwa sauti ya kusikika bondeni, na ulikuwa unajua.

Sitakuuliza uliwezaje. Sina haki ya kukuuliza. Nakuomba tu kitu kimoja uende nacho hospitalini, nacho si agizo. Utawaona watu wa aina yangu. Watasimama nje ya wodi na chupa ya chai, watakuambia wana haraka. Usiwafukuze na usiwaseme. Mmoja wao mpe kiti, ukiweke ndani, karibu na kitanda, halafu uendelee na kazi zako kama hukumwona.

Nilikuwa nimepanga kuiingiza barua hii kwenye shuka ndani ya sanduku, uikute Songea, mbali nami. Nimebadili. Nitakupa mkononi mkirudi, mbele ya mama yako, na nitakaa hapo mezani mpaka umalize kuisoma. Ukitaka kuniuliza lolote, uliza. Ukitaka kunyamaza, nimestahili.

Kiswahili, ambacho nimekifundisha maisha yangu yote pamoja na hicho Kilatini, kinatenganisha mambo mawili ambayo lugha nyingine huyachanganya. Aliko mtu ni upande tu, ni huko. Alipo ni pale penyewe, unapoweza kuweka mkono. Miaka yote hii nimejua Felisiani aliko. Alipo sipajui, na katika nyumba hii ni mimi peke yangu nisiyepajua.

Basi lako linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Tukishuka saa kumi alfajiri, kutakuwa na nafasi ya kupita makaburini. Mama yako na shangazi watangoja stendi na mizigo. Wewe ndiye mtoto wake. Kama abaki alipo au arudi kihambani kwake, neno ni lako na sitalitia mkono. Ila kesho, kabla hujaondoka, tafadhali nitangulie mbele unionyeshe.

Ni mimi,
kaka yake Felisiani